Kabaka Mutesa wa Buganda, Mfalme Aliyefundisha Neno Asilolitenda

Twawaletea habari za maisha ya Mutesa, Kabaka wa Buganda, aliyetawala tangu mwaka 1856 hata mwaka 1884. Jina lake lajulikana katika nchi zote za maziwa makuu, na wengi wamesikia ya kuwa ndiye aliyewakaribisha wamisionari wa kwanza Buganda. Hilo ni kweli. Lakini liko jambo jingine katika maisha yake lisilosimuliwa sana makanisani, nalo lawahusu hasa waalimu wa dini na wazee wa kanisa. Mutesa alikuwa mfalme mhubiri. Aliwafundisha watu wake dini, akawaamuru waishike, naye mwenyewe hakuishika. Wako waliomwambia hivyo waziwazi, na wengi katika hao walikufa kwa ajili ya neno hilo.

Kuzaliwa kwake na kutawazwa kwake

Mutesa alizaliwa yapata mwaka 1838. Baba yake alikuwa Kabaka Suna wa Pili, na mama yake aliitwa Muganzirwazza. Suna alikuwa na wana wengi, wala Mutesa hakuwa mwenye kutajwa sana miongoni mwao. Lakini Suna alipofariki mwaka 1856, waziri mkuu, ambaye kwa Kiganda huitwa Katikiro, alimchagua kijana huyu, labda akidhani ya kuwa atamtawala kwa urahisi. Kwanza aliitwa Mukabya. Jina la Mutesa latokana na neno la Kiganda la kufanya shauri, maana yake mtu wa mashauri. Basi msomaji Mswahili asidhani ya kuwa jina hilo ni mtesa watu. Ingawa wako waliouawa kwa amri yake ambao wangaliona maana ya Kiswahili kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli.

Mwaka huo huo wa 1856 Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini, na mwanawe Majid akashika utawala wa Unguja. Huyu ndiye Majid aliyeanza kujenga mji wa Dar es Salaam mahali palipokuwa kijiji cha Mzizima. Siku zile misafara ya pwani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Karagwe, ikafika hata Buganda. Ilichukua nguo, bunduki na shanga, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Pamoja na bidhaa, misafara ilipeleka lugha ya Kiswahili, hati za Kiarabu na dini ya Kiislamu. Hivyo Mutesa alijifunza Kiswahili, akajua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu, akapeleka wajumbe wake hata Unguja.

Onyo la kwanza katika nyumba ya wafalme hao

Yafaa kwanza tukumbuke jambo lililotokea zamani za baba yake. Katika Buganda neno la Kabaka lilikuwa uhai au mauti. Siku moja Suna aliamuru watu wengi wauawe, na wakuu wote wakanyamaza kimya, kama ilivyokuwa desturi yao. Lakini mgeni mmoja aliyekuwapo barazani, mfanyabiashara Mwarabu jina lake Ahmed bin Ibrahim, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alifika nchi ile mara ya kwanza mwaka 1844, alisimama na kusema. Husimuliwa ya kuwa alimwambia mfalme kwamba watu wale waliumbwa na Mungu, na ufalme wake Suna umetoka kwa Mungu yule yule, tena ni dhambi kuwaangamiza viumbe vyake. Baraza zima lilitetemeka, kwa maana hapana aliyewahi kumwambia Kabaka maneno ya namna hiyo. Suna hakumwua. Alijibu ya kuwa miungu yake ndiyo iliyompa nchi. Lakini baadaye akamwita mgeni huyo, akataka kusikia zaidi habari za Mungu wake.

Angalieni, ndugu, kabla haijafika dini kama mafundisho, ilifika kama onyo kwa mfalme. Waganda walijua tangu mwanzo ya kuwa mtu akimkubali Mungu wa mbinguni, amekubali pia kuwa yuko mwamuzi aliye juu ya kiti cha Kabaka.

Mfalme mwalimu wa Uislamu

Mutesa aliendelea pale baba yake alipoachia. Alijifunza Korani kwa bidii, na akili yake ilikuwa nyepesi sana. Tangu mwaka 1867 alifunga mwezi wa Ramadhani, akaendelea hivyo yapata miaka kumi. Alijenga msikiti katika makao yake, akavaa kanzu, akafuata hesabu ya miezi ya Kiislamu, akaamuru watu wasalimiane kwa salamu za Kiislamu. Wala hakutosheka na kushika dini peke yake. Aliwafundisha wakuu wake, akawaamuru wafunge na kusali. Na waliopuuza amri hiyo waliadhibiwa, wengine hata kuuawa.

Walioipokea dini hii kwa moyo wote walikuwa vijana wa nyumba ya mfalme. Hao walikuwa wana wa wakuu, walioletwa ikulu kutumika na kujifunza. Walisoma, walisali, walifunga. Nao walifanya hivyo si kwa hofu ya adhabu, bali kwa kuwa waliamini. Mfalme ndiye aliyewapeleka katika njia hiyo, na kwa miaka mingi alipendezwa nao.

Lakini lilikuwapo jambo moja. Mutesa hakukubali kutahiriwa. Desturi ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka imwagwe, wala mfalme aliyetiwa alama mwilini hakuweza kukaa katika kiti cha babu zake. Sababu hiyo haikuwa ndogo, tena twapaswa kuipima kwa haki. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa haya: aliyewaamuru wengine wawe Waislamu hakuwa tayari kuchukua alama ya Uislamu katika mwili wake. Aliiweka desturi ya ufalme mbele ya dini, na kwa wengine aliiweka dini mbele ya desturi.

Moto wa Namugongo wa mwaka 1876

Katika siku hizo Khedive Ismail wa Misri alitamani kuzitia nchi zote za mto Nile katika himaya yake, na askari wake wakafika hata mji mkuu wa Mutesa. Pamoja nao walikuja Waislamu wenye elimu. Hao waliutazama msikiti wa mfalme, wakasema ya kuwa haukuelekea kibla sawasawa. Tena wakafundisha ya kuwa mtu asiyetahiriwa hafai kuwaongoza waumini katika sala, na nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa si halali kuliwa.

Vijana wa ikulu waliposikia hayo waliona ni kweli. Wakakataa kusali nyuma ya mfalme. Wakakataa pia kula nyama ya ng'ombe waliochinjwa na wachinjaji wake. Msomaji asidhani ya kuwa hili lilikuwa jambo dogo la chakula. Katika nchi ile, kukataa nyama ya Kabaka ni kukataa mkono wake, na mbele ya watu wote ni kumtangaza kuwa najisi. Kwa tendo hilo walimwambia ya kuwa dini aliyowafundisha ni ya kweli, lakini yeye mwenyewe bado hajaingia ndani yake.

Mutesa alikuwa na njia mbili. Angeweza kukiri ya kuwa vijana wale wamesema kweli, ama angeweza kuwanyamazisha. Tena alikuwa na hofu ya Misri. Aliona ya kuwa wanaowasikiliza waalimu wa Khedive leo, kesho watamtii Khedive mwenyewe. Basi hasira na hofu vikaungana. Akaamuru wakamatwe. Mwaka 1876 watu wapatao 70 walichomwa moto huko Namugongo, na wengine wengi wakauawa katika sehemu nyingine za nchi. Walikufa kwa kulishika neno walilofundishwa na yule yule aliyewaua.

Sisi Wakristo twapajua Namugongo kwa ajili ya mashahidi wetu waliochomwa hapo tarehe 3 Juni 1886, katika utawala wa Mwanga, mwana wa Mutesa. Kila mwaka mahujaji wengi huenda huko, hata kutoka nchi yetu. Ni haki tukumbuke ya kuwa miaka kumi kabla ya hao, mahali pale pale, vijana Waislamu walitangulia kufa kwa ajili ya imani yao. Sisi tunaokaa Kinondoni na Temeke, ambao ua wetu na ua wa jirani Mwislamu ni mmoja, tusione haya kuwasimulia watoto habari hiyo kwa heshima.

Mutesa na Injili

Mwaka mmoja kabla ya mauaji hayo, Aprili 1875, Stanley alikuwa amefika Buganda. Alizungumza na mfalme habari za Kristo, na mfalme akapendezwa mno. Stanley aliandika barua kuwaomba watu wa Uingereza walete waalimu, nayo ikachapwa katika gazeti la Daily Telegraph mwezi wa Novemba 1875. Alimwacha pia kijana mmoja wa msafara wake, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misioni huko Unguja, ili amsomee mfalme habari za Biblia. Kazi hiyo ilifanywa kwa Kiswahili, lugha yetu hii.

Lakini hata huyo Stanley hakuokoka katika kosa tunalolisimulia. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo alirudi kisiwa cha Bumbire, katika maji ya upande wa Bukoba, kulipa kisasi kwa kuwa wenyeji walimtendea vibaya alipopita hapo kwanza. Akawapiga watu kwa bunduki kutoka katika mitumbwi, na wengi wakafa ufuoni. Kisha akarudi kwa Mutesa kuendelea na mazungumzo ya dini. Habari hizo zilipofika Uingereza, watu wengi walimlaumu hadharani, na ilikuwa haki.

Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika tarehe 30 Juni 1877. Mwezi wa Novemba 1878 akafika Alexander Mackay, fundi Mskoti, yule aliyekata njia toka Saadani hata Mpwapwa. Mwezi wa Februari 1879 wakafika Mapadri Weupe wa Kifaransa. Mutesa aliwapokea wote. Siku ya Jumapili sala zilifanywa katika baraza yake, naye mara nyingi aliwafasiria wakuu maneno yaliyosomwa, akayaeleza vema kuliko wengi.

Hata hivyo yaliyompata katika Uislamu yalimpata tena. Aliomba ubatizo, lakini alikuwa na mamia ya wake, naye hakutaka kuwaacha. Husimuliwa ya kuwa alisema atakubali kuwa na mke mmoja, kama atapewa binti wa mfalme wa Uingereza. Aliposikia mafundisho ya Mackay juu ya mwili wa mwanadamu, jinsi ulivyoumbwa kwa ajabu hata hapana fundi awezaye kuufanya, alikiri mbele ya baraza ya kuwa si haki kuuza mtu kwa kipande cha nguo. Lakini biashara ya watumwa haikukoma, na majeshi yake hayakuacha kuteka watu katika nchi za jirani.

Mwaka 1879 mfalme alikuwa mgonjwa, ugonjwa usiopona. Wakuu pamoja na mama yake wakamshauri amlete mganga wa Mukasa, pepo wa ziwa aliyeabudiwa tangu kale. Mackay alimwonya mbele ya baraza lote. Alimwonyesha ya kuwa, kama Mukasa ni mungu, basi Buganda ina miungu miwili. Na kama ni mtu tu mwenye kuamuru nchi, basi Buganda ina wafalme wawili. Mutesa aliyakubali maneno hayo mbele ya watu. Siku chache baadaye aligeuka. Mganga akaletwa kwa ngoma, na mwisho wa Desemba 1879 mfalme na wakuu walitangaza ya kuwa hawataki dini ya Waarabu wala ya Wazungu, watarudia ya baba zao. Na katika miaka hiyo ya ugonjwa, kwa mashauri ya waganga, watu wengi wasio na hatia walikamatwa njiani wakauawa, ili mfalme apone. Hakupona.

Mutesa alifariki mwezi wa Oktoba 1884, hajatahiriwa wala hajabatizwa. Alizikwa Kasubi, katika nyumba yake mwenyewe.

Tusimcheke

Mtu aweza kusoma habari hizi na kusema moyoni ya kuwa Mutesa alikuwa mpagani tu, wala hayatuhusu. Basi na tuitazame nyumba yetu wenyewe ya Kilutheri. Mwaka 1540 Philip, mtawala wa Hesse huko Ujerumani, mmoja wa wakuu walioilinda Matengenezo ya Kanisa kwa nguvu nyingi kuliko wengine, alioa mke wa pili, Margarethe von der Saale, na mkewe Christine yu hai. Nani alimpa ruhusa? Ni Martin Luther na Philipp Melanchthon, walioandika shauri lao kwa siri mwezi wa Desemba 1539. Jambo lilipofunuliwa, Luther hakuwaambia watu kweli waziwazi, bali alishauri lifichwe. Adui za Matengenezo walifurahi, na marafiki waliona haya.

Basi lile ambalo Mackay alimkataza Kabaka mbele ya watu, waalimu wetu wakubwa waliliruhusu kwa mkuu wa Ulaya faraghani. Hatusemi haya ili kumvunjia Luther heshima. Twayasema kwa sababu heshima ya mwalimu hailindwi kwa kuficha. Nabii Nathani hakumwonya Daudi kwa kuwa alimchukia, wala Yohana Mbatizaji hakumkemea Herode kwa kutaka kiti chake. Mfalme mmoja alikubali, akalia, akapata kuitwa mtu wa Mungu hata leo. Mwingine alikata kichwa cha aliyemwonya, na kichwa hicho kimeendelea kusema.

Faida ya habari hii kwa waalimu

Yako mambo matatu ya kushika katika maisha ya Mutesa.

La kwanza, hatari yake haikuwa katika kutojua. Alijua kuliko wakuu wake wote. Aliweza kufasiri Korani, kisha aliweza kufasiri Injili. Lakini alifanya ujuzi kuwa badala ya utii. Mwalimu wa dini yu katika hatari hiyo kila Jumapili, maana kinywa huzoea maneno matakatifu upesi, nao moyo ukadhani umekwisha kuyatenda.

La pili, waliomhukumu Mutesa hawakuwa adui zake. Walikuwa wanafunzi wake waliomwamini zaidi. Wasiojali dini walikula nyama yake kwa furaha, wakamsifu. Hali ni hiyo hata katika mitaa yetu. Mzee wa kanisa akiwahimiza watu watoe ahadi zao, naye mwenyewe hatoi; mwalimu akikemea ulevi, naye aonekana kilabuni jioni; mhubiri akiwafundisha wenye nyumba kuwahurumia wapangaji, naye amtupia mjane vyombo nje kwa kodi ya mwezi mmoja: atakayeona kwanza ni yule kijana wa kipaimara aliyeyaweka moyoni maneno yake. Kijana huyo akisema, si kwamba ameikosea heshima dini. Huenda yeye peke yake ndiye aliyeisikia.

La tatu, Mutesa alikuwa na nafasi nyingi za kutubu. Vijana walimpa moja, Mackay akampa nyingine, ugonjwa ukampa ya tatu. Kila mara alijibu kwa namna moja, ama kwa kuua, ama kwa kugeuka. Sisi hatuna moto wa Namugongo, lakini tuna njia zetu. Twaweza kumwondoa katika kwaya aliyesema kweli, kumnyima kazi ya kanisa, kumpaka jina la mkaidi, kumsengenya hata ahame usharika. Hayo nayo ni kumwua mtu, ingawa hapana kuni.

Ahmed bin Ibrahim alisema mbele ya Suna, na Suna, mfalme aliyeogopwa kuliko wote, alimwacha hai akataka kusikia zaidi. Vijana wa ikulu walisema mbele ya Mutesa, mfalme aliyejua kusoma na kusali, naye akawachoma. Mwenye elimu ya dini alishindwa kustahimili neno ambalo baba yake asiye na dini alilistahimili. Basi kila mwenye kufundisha ajiulize leo, akionywa na mdogo wake katika imani, atafanya kama nani katika wafalme hawa wawili.